Nani Aliyemchongea Verlyn Skogstad

Verlyn Skogstad hafungui bahasha ya serikali kwa vidole. Anaichana kwa kisu cha kuparia magamba ya samaki, akiwa amesimama barazani na mlango wa nyumba umefungwa nyuma yake, ili barua ikiwa na nia mbaya isimfikie mkewe. Bahasha nyembamba, anasema, ni "hapana". Bahasha nene ni "hapana" yenye maelezo. Ana miaka sabini na sita na amewahi kupokea bahasha moja tu yenye "ndiyo" ndani yake, na hiyo hadi leo anaishuku.

Sisi wa Vesper Creek, mji wetu mdogo wa wafugaji huku Marekani, tunamjua Verlyn kwa lori la maziwa. Miaka thelathini na miwili aliyazoa maziwa mashambani alfajiri akayapeleka kiwanda cha jibini, na hakuwahi kupindua hata debe. Kabla ya hapo aliendesha lori jingine, Vietnam, mwaka sitini na tisa, kwenye barabara ambazo ndege zilipita juu yazo zikinyunyiza dawa ya kukausha msitu. Msitu ulikauka. Wavulana wa chini waliokuwa wakiloa waliambiwa wajifute.

Kisha, miaka mitano iliyopita, akaanza kukojoa damu. Hakumwambia mtu. Arlys, mkewe, alikuwa akisindika bitiruti kwenye siki kila vuli, kwa hiyo Verlyn aliisingizia bitiruti kwa miezi minne. Alipofika hospitali, saratani ya kibofu ilikuwa imeshapanga chumba na kulipa kodi. Walimkata, wakamchoma dawa, wakamkata tena.

Aliomba fidia ya ulemavu wa vita, akakataliwa, kwa sababu saratani ya kibofu haikuwa kwenye orodha ya magonjwa yanayotokana na ile dawa. Baadaye sheria ikabadilishwa, saratani hiyo ikaingizwa kwenye orodha. Bi Corliss Brandmeier, ofisa wa askari wastaafu wa wilaya yetu, akamtafuta mwenyewe hadi nyumbani ajaze fomu upya.

"Kwa nini sasa?" Verlyn alimuuliza.

"Kwa sababu wamekiri walikosea."

"Serikali haikosei kwa faida ya mtu, Corliss. Kuna kitu hapo."

Akajaza hata hivyo, kwa kalamu ya risasi, ili aweze kufuta. Bi Corliss akamfanya arudie kwa wino. Wakamhesabia ulemavu wa asilimia mia moja, yaani fidia kamili, kwa muda wa matibabu. Ndiyo ile bahasha ya "ndiyo".

Hela ile hakuinunulia pikapu mpya. Arlys alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, si kwa haraka, bali kama mtu anayehamisha vitu nyumbani sahani moja moja. Kila Verlyn alipoingia chooni, na kwa kibofu kile aliingia mara ishirini na kitu kwa siku, Arlys alibaki peke yake. Januari moja alipotoka chooni alimkuta barabara kuu, na ndala, kwenye theluji, anasubiri basi la shule. Kwa hiyo ile fidia ilimlipa Bi Pahoua, ambaye alikuja siku tano kwa wiki kukaa na Arlys, kumwogesha na kupika. Bila Bi Pahoua, Arlys angepelekwa nyumba ya wazee, maili hamsini kutoka hapa, kwenye chumba cha watu wawili. Verlyn aliwahi kwenda kukiangalia chumba hicho. Alirudi akapaka rangi jiko zima.

Sasa ikaja bahasha nene. Ilisema matibabu yamekwisha, amepimwa upya, na ushahidi uliopo unaonyesha hali yake imeimarika. Wanakusudia kushusha asilimia mia moja hadi sifuri. Ana siku thelathini za kuomba asikilizwe na siku sitini za kuleta ushahidi wake mwenyewe.

Mtu mwingine angeona lile neno "sifuri". Verlyn aliona "ushahidi".

"Ushahidi una shahidi," alisema. "Hauoti kama uyoga. Kuna mtu alikwenda akasema."

Basi ukaanza msako. Alimshuku mpeleka barua, aliyewahi kumwona Verlyn akizoa theluji mlangoni kwa koleo. Akamshuku mchungaji wetu wa Kilutheri, ambaye Jumapili moja alimshukuru Mungu hadharani kwa kuwa "ndugu yetu Verlyn anaendelea vizuri". Verlyn alikaa nje ya kanisa majuma matatu, kwenye gari, injini ikiunguruma, ili Mungu ajue kwamba ugomvi si naye. Alinishuku hata mimi, ninayekata kabichi kwenye ukumbi wa askari wastaafu, akaniuliza mbona namtazama suruali. Kijana mmoja wa simu mwenye sauti ya asali alimpigia akitaka kumsaidia rufaa, ampe tu namba zake zote. Verlyn akamwambia asubiri, akaweka simu mbele ya redio inayosoma bei za maziwa, akaenda kulala.

Mtu mmoja tu hakumshuku: Bi Pahoua, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayeukata mti aliokalia. Upendo haukuingia kwenye hesabu hiyo.

Mshukiwa mkuu alikuwa Duane Kubiszak.

Duane ndiye anayekaanga samaki ukumbini kila Ijumaa. Naye ni askari mstaafu, naye aliomba fidia, ya mgongo, akakataliwa mara tatu. Na Novemba iliyopita, msimu wa kulungu, alimpiga Verlyn picha ameshika pembe za dume kubwa huku anatabasamu, akaibandika mtandaoni. Kwa Verlyn kesi ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kunyonga.

Ijumaa iliyofuata Verlyn alikuja dirishani pangu pa kugawia chakula, na sahani.

"Habari, Verlyn?"

"Sina la kulalamika." Akainama, akachungulia jikoni. "Nani anakaanga?"

"Duane. Kama kila Ijumaa."

"Nipe viazi tu. Na kabichi."

Huku kwetu mtu kukataa samaki wa Ijumaa ni kama kuhama dini. Duane akatoka, mikono imejaa unga, tumbo limetangulia.

"Nasikia samaki wangu wamekukosea."

"Samaki hawana kosa. Samaki hawasemi."

"Maana yake?"

"Maana yake wapo wanaosema."

"Verlyn, unazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Lala basi."

"Ile picha. Uliibandika watu waione."

"Watu arobaini waliipenda."

"Wa arobaini na moja alikuwa serikali."

Duane alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. "Yule kulungu nilimpiga mimi. Wewe ulishika pembe tu. Hata hukumburuta. Ulisimama nyuma yake kama mtu anayeuza."

"Na nani anajua hilo?"

"Mimi, wewe na kulungu. Kulungu tumemla."

"Wewe mgongo wako walikunyima. Ukaona bora tukose wote."

Hapo hata wacheza karata walishusha karata. Duane alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Mgongo wangu," alisema, "niliumia kiwanda cha karatasi, na wewe ndiye uliyenibeba kwenda hospitali kwa lori la maziwa. Niliomba kwa sababu mke wangu wa pili alinisukuma. Walinikatalia kwa haki. Kula viazi vyako." Akarudi jikoni. Usiku ule samaki wote waliungua upande mmoja.

Jumatatu nikampeleka Verlyn kwa Bi Corliss kwa gari langu. Yeye mwenyewe hakuendesha tena njia ile, kwa sababu alijua kila choo kati ya hapa na makao ya wilaya na viwili vilikuwa vimefungwa. Ofisi ya Bi Corliss iko chini ya ardhi, kwenye jengo la mahakama, karibu na mtambo wa kupasha moto. Alikuwa fundi wa ndege za jeshi miaka ishirini. Anaongea na binadamu kama na injini iliyokataa kuwaka, kwa subira na spana mkononi.

Alikuwa ameagiza jalada zima la Verlyn. Kurasa elfu moja na mia moja. Mezani aliweka nane tu, kila moja na karatasi ya njano pembeni.

"Nataka jina," Verlyn alisema kabla hajakaa.

"Ninalo."

"Ni Kubiszak."

"Kaa, Verlyn."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Bi Corliss akavaa miwani. "Machi, tarehe nne. Kliniki. 'Mgonjwa anasema hana malalamiko.' Juni, tarehe kumi na moja. 'Mgonjwa hana malalamiko.' Septemba. 'Mgonjwa ni mchangamfu, hana malalamiko, anasema wapo walio na hali mbaya zaidi.' Niendelee?"

"Huyo mgonjwa ni nani?"

"Soma juu."

Alisoma juu. Nikamwona anasoma tena, na kidole, kama jina lake lingeweza kuwa na herufi ya mtu mwingine.

"Hii ya mwisho ndiyo iliyokuua," Bi Corliss alisema. "Daktari wa kupima. Kakuuliza, unaamka usiku? Ukasema, 'Kama watu wengine.' Unavuja? 'Ninajimudu.' Unavaa pedi? Ukamwambia nini?"

Verlyn aliangalia mtambo wa moto.

"Kaandika: 'Alicheka.' Halafu kaandika: 'Hatumii.'"

"Ilikuwa salamu tu," Verlyn alisema. "Mtu kaingia na koti jeupe, kaniuliza habari yako leo. Nimjibu nini? Nimsomee kitabu cha Ayubu?"

"Daktari akikuuliza hali, siyo salamu."

"Angesema basi kwamba anauliza kweli."

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu mama yangu alikufa kwa jibu lilelile. Huku ukimkuta mtu chini ya trekta lililopinduka, ukamuuliza vipi, atakwambia hana la kulalamika, halafu atakuuliza na wewe vipi. Kulalamika ni kazi ya watu wa mjini na watoto wa mwisho.

"Unavaa?" Bi Corliss akauliza.

Verlyn akazipanga upya zile karatasi nane.

"Verlyn. Nimefanya kazi na wanaume miaka ishirini. Huna kitu humo ndani cha kunishtua."

"Tano kwa siku," akaiambia sakafu.

"Unazinunua wapi?"

Hapo ndipo tulipojua. Alikuwa anakwenda mji wa tatu kutoka hapa, ambako hakuna anayemjua, kwenye duka lenye mashine ya kujilipia mwenyewe, anaficha pakiti chini ya gunia la chakula cha mbwa. Magunia kumi na manne yako ghalani kwake. Skogstad hana mbwa.

"Na siku ya kulungu?"

"Nilisimama nyuma yake kwa sababu nilikuwa nimelowa," alisema. Kisha aibu ikageuka kuwa shaka yake ya kawaida, na macho yakawaka. "Lakini mbona waliandika maneno yangu bila kuniambia wanaandika?"

"Ndiyo kazi yao."

"Unaona? Nilijua kuna mtu anaandika."

Siku ya kusikilizwa ilikuwa kwa njia ya video, palepale ofisini. Mimi nilikaa korido, mlango umeachwa wazi kidogo kwa ajili ya joto. Kwenye kioo cha kompyuta alikuwa ofisa wa serikali, mwanamke wa makamo, koti la kijivu, kikombe kando, sauti ya mtu ambaye hajalala vizuri lakini si mbaya. Bi Corliss alikuwa amemwonya Verlyn mara sita: akikuuliza hali yako, usijibu.

Mwanamke akamuuliza hali yake. Verlyn akafunga mdomo, akawa mwekundu hadi masikioni.

"Bwana Skogstad, unanisikia?"

"Nakusikia. Nimeambiwa nisijibu."

"Sawa. Unaamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo?"

"Nani anataka kujua?"

"Mimi. Na inarekodiwa."

"Ndiyo hofu yangu."

Akaulizwa tena, akasema inategemea. Inategemea nini? Usiku. Bi Corliss alishika paji la uso. Kisha Verlyn akainuka ghafla, akapita mbele yangu, akaenda chooni. Kutoka ndani nikamsikia Bi Corliss, kwa sauti kavu kabisa: "Naomba iandikwe kwamba mdai ametoka saa nne na dakika kumi na mbili." Akarudi. Wakaendelea na maswali, inategemea, inategemea. "Naomba iandikwe, saa nne na dakika thelathini na moja." Akarudi tena, anahema.

Mara ya tatu hakufika. Choo cha mahakama kiko mwisho wa korido na mlango wake hufunguka kwa kuvutwa, yeye akasukuma. Nilimwona amesimama pale mgongo kwangu, suruali ya kijivu imegeuka nyeusi hadi gotini. Ngazi za kutokea nje zilikuwa mkono wa kushoto. Nilikuwa na funguo za gari mkononi, nikazificha, sijui kwa nini. Pengine nilimshuku.

Aliziangalia zile ngazi muda mrefu kuliko alivyoangalia kitu chochote siku ile. Kisha akarudi ofisini, akasimama mbele ya kamera bila kukaa.

"Sasa hivi sikufika," alisema. "Ndivyo ilivyo. Usiku mara sita, mara saba. Pedi tano mchana, na usiku taulo. Siendi kanisani kwa sababu mahubiri ni marefu. Nikiamka mke wangu anaamka, anadhani ni alfajiri, anatafuta viatu aende kukamua ng'ombe tuliowauza mwaka themanini na tisa. Siwezi kumfuata na kufika chooni pamoja. Lazima nichague. Kila usiku nachagua, na suruali ndiyo hushindwa."

Mtambo wa moto ulizima kama unamsikiliza, ingawa huo huzima wenyewe kila nusu saa.

"Asante, bwana Skogstad," mwanamke wa kwenye kioo akasema.

"Usinishukuru. Andika."

Akaandika. Tulisikia kibodi ya kompyuta yake muda mrefu.

Wiki tisa baadaye ikaja bahasha nene. Verlyn aliipeleka ghalani, akaichanulia huko kati ya magunia ya chakula cha mbwa. Asilimia sitini. Si mia, si sifuri. Bi Corliss alisema kwa kibofu peke yake, saratani ikiwa imelala, sitini ndiyo dari. Hakuna juu yake. Verlyn alisema kila dari ina watu juu yake wanaotembea. Lakini akapiga hesabu, akapiga tena, na kila mara jibu likawa siku tatu za Bi Pahoua badala ya tano. Jumanne na Alhamisi zilibaki wazi kama meno yaliyong'oka.

Ijumaa akaja dirishani. Sikumsalimu kwa swali, nilimwambia tu jina lake.

"Nipe samaki," akasema. "Wawili."

Akala amesimama, palepale, mpaka Duane akatoka kuchukua unga.

"Samaki wa leo wamekaangwa vizuri," Verlyn akasema.

Duane akasimama. Kwa asiyejua, hiyo ni sifa ya chakula. Duane alijua ameombwa radhi, akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwa upande wao jambo likawa limezikwa.

"Jumanne huwa unafanya nini?" Verlyn akauliza.

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

"Hakuna anayeuliza tu hapa. Wewe hata kidogo."

Verlyn aliweka sahani chini. Kwenye kioo cha serikali alisema kwa sababu alikuwa ameshalowa. Hapa alikuwa mkavu, na ukiwa mkavu ni vigumu zaidi. "Arlys anahitaji mtu wa kukaa naye. Jumanne na Alhamisi. Peke yangu siwezi."

"Anacheza karata bado?"

"Karata hajasahau. Anaiba kama zamani."

"Jumanne saa tatu, basi," Duane akasema. "Alhamisi nitamleta mchungaji. Muda anao, watu wamepungua kanisani."

Kilichofuata ametusimulia Duane, aliyeiona pikapu kilimani tangu mwanzo, na Verlyn hajakanusha, ila anataka kujua ni nani mwingine ameambiwa. Jumanne ya kwanza aliaga kwamba anakwenda kunyoa. Hakwenda. Aliegesha pikapu kilimani, kando ya shamba la mahindi lililokwisha vunwa, akatoa darubini ya kuwindia, akailenga dirisha la jiko lake mwenyewe. Alimwona Duane anagawa karata. Alimwona Arlys anaweka moja mfukoni mwa sweta. Alimtazama Duane kama atafungua droo yoyote, na Duane hakufungua droo.

Dakika ya ishirini kibofu kikamwita. Shamba lilikuwa tupu, bila hata kichaka, na nyumba ya mchungaji inatazamana nalo. Hakuna upelelezi unaoweza kufanywa kwa kibofu kile. Akashuka kilima kwa kasi ambayo lori la maziwa halikuwahi kuiona, akafungua mlango wa nyuma.

Duane hakuinua macho. "Umesahau kitu?"

"Choo."

"Kipo palepale."

Arlys akageuka, akamtazama kwa adabu, kama anavyomtazama mtu anayesoma mita. "Nani huyo?" akamuuliza Duane.

"Jirani."

"Mwambie avue viatu. Nimepiga deki."

Verlyn akashika fremu ya mlango, akainama, akaanza kufungua kamba, kiatu cha kushoto kwanza, kisha cha kulia, akiwa amebana magoti.